Kofia ndogo ya mtoto hupumzisha akili baada ya sweta ngumu

JE, msomaji, una sweta uliyoanza kufuma na ambayo sasa imelala ndani ya mfuko nyuma ya kochi? Kila uupitiapo mfuko huo unahisi kama unadaiwa. Labda ni sweta ya shule ya mwanao, ya rangi ya samawati iliyokoza, yenye shingo ya V. Ulifika shingoni, ukagundua kwamba ulikosea hesabu safu ishirini nyuma, ukafumua. Ukaanza tena, ukakosea tena. Macho yanauma, mabega yamekaza, na kazi uliyoianza ili ikuburudishe jioni imegeuka mzigo mwingine juu ya mizigo ya mchana.

Wengi hufanya mojawapo ya mambo mawili wanapofika hapo. Kuna wanaojilazimisha kuendelea hadi usiku wa manane, wakaamka wamechoka na wenye hasira. Wengine huacha kufuma kabisa wakisema hawana kipaji. Lakini kuna njia ya tatu, ambayo wafumaji wazoefu huijua vyema: weka sweta kando kwa siku chache, ufume kitu kidogo na rahisi hadi kiishe, kisha urudi.

Hesabu inayoeleza uchovu

Ili uone ni kwa nini kazi ndogo hupumzisha, tupige hesabu. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, ambazo kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza ni namba 8, sentimita 10 za upana huchukua vitanzi 22 hivi. Sentimita 10 za urefu huchukua safu 28. Basi kiwiliwili cha sweta ya mtu mzima, chenye mzunguko wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 60, kina vitanzi karibu 37,000, na bado hujagusa mikono wala shingo. Kofia ya mtoto mchanga ina vitanzi karibu 2,600 tu.

Kwa maneno mengine, kiwiliwili cha sweta moja ni sawa na kofia kumi na nne. Mfumaji wa sweta hukaa majuma mengi bila kuona mwisho. Mfumaji wa kofia huuona mwisho baada ya jioni mbili au tatu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini moyo wa binadamu nao hutamani kukiona kibaba kikijaa mara moja moja.

Wataalamu wanasema nini?

Mwaka wa 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti alioufanya mjini Berlin. Aliona kwamba watu waliokatizwa kazi kabla ya kuimaliza waliikumbuka zaidi kuliko ile waliyoikamilisha. Watafiti waliomfuata hawakupata matokeo yale yale nyakati zote. Hata hivyo, mtu yeyote aliyelala akiwaza kazi ya ofisini ambayo haijaisha anaifahamu hali hiyo. Jambo lisiloisha huendelea kubisha hodi akilini.

Mwaka wa 2013 jarida moja la Uingereza la tiba kwa kazi lilichapisha maoni ya wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali. Wale waliofuma mara nyingi zaidi katika juma ndio waliosema zaidi kwamba hujihisi watulivu na wenye furaha. Tusilichukue jambo hili kupita kiasi, kwa kuwa waliojibu ni watu ambao tayari walipenda kufuma, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba sindano ndizo zilizoleta utulivu. Lakini pia si jambo la kupuuzwa.

Wanaume nao wasidhani kwamba hili haliwahusu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, askari waliojeruhiwa walifundishwa hospitalini kufuma, kutarizi na kusuka vikapu ili mikono na akili zao zipate nguvu tena.

Kazi ndogo yenye faida kubwa

Kitu kidogo si lazima kiwe kitu cha upuuzi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37 ya ujauzito hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili. Hupoteza joto upesi sana. Joto la mwili wa mtoto mchanga linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Likishuka, mtoto hutumia nguvu zake chache kujipasha moto badala ya kukua, na anaweza hata kupoteza maisha.

Ndiyo sababu katika malezi ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka wa 1978, mtoto hulazwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi, soksi na kofia. Kofia hiyo ndiyo unayoweza kuifuma wewe jioni ukisikiliza habari. Kabla ya kuanza, muulize muuguzi msimamizi wa wodi iwapo kofia zinahitajika na ni za kipimo gani, kwa maana wengine ni wadogo sana. Tumia uzi laini unaoweza kufuliwa na usiotoa manyoya. Usishone vifungo, utepe wala mapambo yanayoweza kung'oka na kumpalia mtoto.

Fahamu pia kwamba mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya hahitaji kulala na kofia ndani ya chumba chenye joto. Mwili wake hutoa joto la ziada kupitia kichwani. Mvishe mnapotoka nje kwenye baridi, na umvue mnaporudi.

Jinsi ya kuifuma

1. Anzisha vitanzi 72 kwa sindano za milimita 4.

2. Fuma safu 6 za ukingo, kitanzi kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, ili ukingo uweze kuvutika.

3. Endelea kwa safu moja ya mbele na moja ya nyuma mpaka kazi ifike urefu wa sentimita 10.

4. Sasa anza kupunguza. Kwenye safu ya mbele fuma vitanzi 7, kisha unganisha viwili kuwa kimoja, na urudie hivyo hadi mwisho. Vitabaki 64. Rudi kwa safu ya nyuma bila kupunguza.

5. Safu ya mbele inayofuata fuma 6 na uunganishe viwili, baadaye 5, kisha 4, na kuendelea, mpaka vibaki vitanzi 8.

6. Kata uzi ukiacha sentimita 30, upitishe ndani ya vitanzi hivyo vyote, uvute, kisha ushone ubavu.

Kofia hii humfaa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake. Kwa aliye mdogo zaidi, anzisha vitanzi 56 au 64. Vyote viwili hugawika kwa nane, na njia ya kupunguza ni ile ile. Kwa 64 anza na 6 kabla ya kuunganisha, na kwa 56 anza na 5.

Linda mikono na macho

Kazi ndogo huipa mikono nafasi ya kubadili mwendo, hasa ikiwa sweta yako ilihitaji sindano nyembamba na kushika uzi kwa nguvu. Hata hivyo, pumzika kila baada ya nusu saa. Nyoosha vidole, zungusha mabega, na utazame kitu kilicho mbali. Ufumapo usiku, tafuta taa yenye mwangaza wa kutosha, na uzi mweusi uuache kwa ajili ya mchana. Ukipata ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, usiichukulie kuwa uchovu tu. Yamkini mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiwiko cha mkono. Acha kufuma na umwone daktari.

Aidha, usifume ndani ya matatu inayokwenda. Breki moja ya ghafla yatosha kuipeleka sindano jichoni mwa jirani.

Usijifiche nyuma ya kofia

Dawa yoyote ikizidi huwa sumu. Kuna mtu atakayefuma kofia kumi na sweta ya mwanawe isiguswe hadi shule zifunguliwe mwezi wa Januari. Hapo kofia si pumziko tena, ni mahali pa kujificha. Jiwekee sheria: kitu kidogo kimoja, basi. Kabla ya kuiweka sweta kando, andika kwenye karatasi safu uliyofikia na kosa unalotaka kurekebisha, kisha uibane karatasi hiyo kwenye sweta kwa pini. Utakaporudi hutaanza kwa kubahatisha.

Tena tofautisha uchovu wa kazi na ugonjwa. Iwapo kwa majuma mawili au zaidi hupati furaha katika jambo lolote, hulali vizuri, huna hamu ya chakula, au unawaza kwamba heri usingekuwapo, sindano hazitoshi. Zungumza na mtu wa karibu unayemwamini, uende kituo cha afya bila kuchelewa. Hiyo si aibu, kama vile malaria si aibu.

Lakini kama taabu yako ni sweta tu, leo jioni ipumzishe. Anzisha vitanzi 72. Keshokutwa utakuwa na kofia kamili mkononi, na huenda kichwa kidogo wodini kikawa kinaisubiri. Kisha fungua ule mfuko ulio nyuma ya kochi, usome karatasi yako, na uanze pale pale ulipokomea. Safu ishirini zile za kurudia hazitaonekana nyingi kama zilivyoonekana juma lililopita.