Huduma ya Kanisa Mtandaoni Ianze na Kujibu

Makanisa yetu yalikuwa yakiwafuata watu majumbani mwao muda mrefu kabla ya simu janja. Februari 1963 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianza kurusha matangazo ya Redio Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vikaandaliwa katika studio ya Moshi. Kituo kile kilitaifishwa na serikali ya Ethiopia Machi 1977. Waadventista nao walikuwa na masomo ya Sauti ya Unabii kwa njia ya posta: msikilizaji anaandika barua, anatumiwa somo, anajibu maswali yake, kisha anarudishiwa karatasi iliyosahihishwa pamoja na somo linalofuata. Mtu aliyekaa kijijini bila kanisa wala mchungaji alijua kwamba kuna mahali jina lake limeandikwa, na kuna mtu anayesubiri majibu yake.

Leo makanisa mengi yana ukurasa wa Facebook, chaneli ya YouTube na makundi ya WhatsApp yasiyohesabika, lakini nusu ya pili ya kazi ile, yaani kujibu, imeachwa. Ukurasa umejaa picha za mkutano wa injili, tangazo la semina na ibada ya saa tatu iliyorekodiwa kutoka nyuma ya kanisa. Chini yake mtu ameandika, "Naombeni maombi, mume wangu ameondoka na watoto wanaumwa." Ujumbe umekaa wiki sita. Waliopita wameandika "Amina" na kuendelea na safari zao. Mama yule aliomba msaada kanisani, na kanisa halikumjibu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mchungaji, padri, mwinjilisti au mzee wa kanisa anayetaka kuanza huduma ya mtandaoni ni huu: kabla hamjanunua kamera, teueni watu wa kujibu.

Anzeni na watu mlio nao

Usharika wowote wenye watu mia mbili tayari uko mtandaoni. Kwaya ina kundi lake, akina mama wana lao, kila jumuiya ina lake, na kamati ya ujenzi haikosi. Shida ni kelele. Tangazo la msiba linawekwa saa mbili asubuhi, na kufika saa nne limezikwa na picha za maua ya "asubuhi njema", uzushi wa dawa za mitishamba na mabishano ya siasa. Tenganisheni mambo. Liwepo kundi moja la matangazo ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoweza kuandika. Mazungumzo yabaki kwenye makundi ya jumuiya, ambako watu wanafahamiana kwa sura na hata wakigombana wanajua pa kupatanishwa. WhatsApp sasa inaruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja, na tangu mwishoni mwa 2022 inawezekana kuunganisha makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja.

Kumbukeni kwamba katika kundi la kawaida kila mwanachama anaona namba za wenzake wote. Matapeli wanalijua hilo, na wanaume wanaowasumbua mabinti wanalijua pia. Kama hamtaki namba zionekane, tumieni orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi: unaandika mara moja, unawafikia hadi watu 256, na kila mmoja anaupata peke yake kana kwamba umemwandikia yeye. Sharti lake ni moja, nalo husahaulika sana. Ujumbe haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yenu kwenye simu yake. Basi Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, katibu asimame, aitaje namba polepole mara mbili, watu watoe simu na kuihifadhi hapo hapo kwenye mabenchi, na vijana wawasaidie wazee. Ni shughuli ya dakika tatu.

Namba hiyo isiwe ya mchungaji. Iwe laini iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, na simu yake ikae kwa mtu wa zamu. Wachungaji na mapadri huhamishwa, na anapohama na simu yake mfukoni, waumini waliozoea kumwandikia hubaki wakiandika kwa mtu aliye mkoa mwingine. Programu ya WhatsApp Business haina malipo, na inawezesha kuweka alama kwenye kila mazungumzo: mgonjwa, msiba, anataka ubatizo, anahitaji kutembelewa. Kwa namna hiyo anayepokea zamu Jumatano anajua mwenzake aliishia wapi Jumanne.

Msiwasahau wenye viswaswadu. Julai 2020, wakati wa janga la korona, Kenya ilipofungua tena nyumba za ibada, ziliruhusiwa kupokea watu 100 tu kwa saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wakatakiwa wabaki nyumbani pamoja na watoto wa chini ya miaka 13. Hao ndio mara nyingi hawana simu janja. Kwa bibi mwenye simu ya batani, SMS fupi yenye andiko la siku na sala ya mistari miwili ni huduma kamili, na kupigiwa simu ni bora kuliko hiyo.

Sauti kabla ya picha

Makanisa mengi hukimbilia matangazo ya moja kwa moja. Mimi naona hapo si pa kuanzia, kwa sababu ya bando. Video ya saa moja yenye ubora wa kawaida inaweza kula zaidi ya nusu ya GB. Mahubiri ya dakika ishirini yaliyohifadhiwa kama sauti kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde hayafiki MB 5. Mama lishe anayasikiliza huku akikoroga uji, bodaboda anayasikiliza kijiweni akisubiri abiria, na wote wawili wanaweza kumtumia jirani bila kujiuliza bando litabaki kiasi gani.

Kurekodi vizuri hakuhitaji studio. Nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye kola ya shati, ichomekwe kwenye simu, na simu ikae mfukoni mwa koti. Zimeni mtandao wa simu hiyo ili isiite katikati ya sala. Ikiwa kanisa lina miksa ya vipaza sauti, chukueni sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa, kwa kuwa simu iliyowekwa juu ya meza hunasa mwangwi wa spika, kikohozi cha benchi la mbele na mtoto anayelia. Mvua ikipiga bati, rekodi ya siku hiyo mara nyingi haifai. Mhubiri akae ofisini au nyumbani baadaye, arudie kiini cha somo kwa dakika kumi akizungumza kama anayeongea na mtu mmoja. Nimesikia marudio ya namna hiyo yaliyogusa watu kuliko mahubiri yenyewe ya asubuhi.

Kisha kata. Ondoa matangazo, ondoa mnada wa mavuno, ondoa "mwambie jirani yako". Anza kwa kutaja jina la mhubiri, kanisa, tarehe na somo, maana faili hilo litazunguka mpaka kwa watu wasiowajua kabisa. Malizia kwa namba ya kanisa na neno la kumkaribisha msikilizaji aandike. Usiliite faili "AUD" na tarakimu ndefu, liite kwa jina la somo. Na wapeni watu Biblia pia: programu ya YouVersion, iliyoanza mwaka 2008, ina Biblia ya Kiswahili, na ukishapakua tafsiri inayoruhusu kupakuliwa unaweza kuisoma hata bila bando.

Mkifikia hatua ya kurusha ibada YouTube, jueni mambo mawili yanayowakwamisha wengi Jumapili asubuhi. Kuwezesha chaneli kurusha moja kwa moja kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24, na kurusha kwa simu kunahitaji angalau wafuatiliaji 50. Fanyeni maandalizi hayo Alhamisi. Kuhusu nyimbo, mtandao huo unatambua muziki wa watu wengine na unaweza kuizuia video yenu au kumpa mwenye wimbo mapato yake. Imbeni za kwaya yenu au ombeni ruhusa. COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya ndizo ofisi za kuuliza kuhusu hakimiliki. Andikeni pia makubaliano na kwaya kuhusu nani anamiliki akaunti na mapato, kabla wimbo haujapendwa.

Kujibu

Pangeni zamu ya watu wanne au watano, wanaume kwa wanawake, wenye siri na subira. Mwanamke anayeandika kuhusu ndoa yake ajibiwe na mama. Tajeni saa za huduma waziwazi, ili anayeandika usiku wa manane ajue atajibiwa asubuhi.

Mtu akiandika, "Naombeni maombi," jibu zuri lina jina lake, swali moja na sala fupi ya sauti. "Shalom dada Neema, asante kwa kutuandikia. Tukuombee kuhusu jambo gani? Uko mkoa gani?" Swali la mkoa lina kazi yake: lengo ni kumfikisha kwenye ushirika ulio karibu naye, hata kama si wa dhehebu lenu. Aliye Tabora hatazikwa na kanisa la mtandaoni la Mwanza. Anahitaji watu wa kubisha hodi. Baada ya siku saba, mwulize anaendeleaje. Watu wengi hawaamini kwamba kanisa limekumbuka.

Yapo mambo ambayo sala peke yake haitoshi. Anayepigwa nyumbani aelekezwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwa Tanzania, au namba 1195 kwa Kenya. Kwa mtoto anayeumizwa kuna namba 116 katika nchi zote mbili. Na mtumishi yeyote asiwe na mazungumzo ya faragha na mtoto bila mtu mzima wa pili kuyaona.

Kuna kundi ambalo kwalo simu ndiyo kanisa lote. Mabinti wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani Saudi Arabia wako katika nchi isiyoruhusu ibada ya hadharani ya dini nyingine zaidi ya Uislamu. Muscat, Oman, kuna viwanja vya makanisa, hasa Ruwi, ila mfanyakazi asiye na siku ya mapumziko hawezi kufika. Riyadh inatumia saa moja na Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo maombi ya saa tano usiku, kazi za jikoni zikishaisha, yanawezekana bila hesabu ngumu. Oman na Dubai wako mbele kwa saa moja. Katika maombi hayo msirekodi, msitaje majina, msipige picha ya skrini. Tangazo la furaha kwamba "dada zetu wa Saudia wamesali nasi" linaweza kumtia mtu matatani kwa mwajiri wake.

Pesa, siri na mafundisho

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo kutoa sadaka kwa simu ni jambo la kawaida. Namba ya kulipia iwe ya kanisa, yenye jina la kanisa linalojitokeza kabla mtu hajaweka namba ya siri, na mhazini asome mapato yake mbele ya washirika kama anavyosoma ya kapu. Matapeli hufungua kurasa zenye picha za maaskofu wakiomba "mbegu". Kinga ni kutangaza kanisani, mara kwa mara, ukurasa mmoja na namba moja, na kusema wazi kwamba mchungaji haombi pesa inboksi. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, na tarakimu sita zinazotumwa kwa SMS asipewe mtu yeyote.

Ombi la maombi ni siri ya mtu. "Tumwombee mama fulani, amegundulika ana saratani," ukiyaandika kwenye kundi la watu mia nane, umetangaza ugonjwa wake. Sheria nazo zimo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Ombeni idhini kabla ya kutaja jina, na idhini ya wazazi kabla ya picha za watoto wa Sunday school. Kwa Tanzania, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama maudhui yenu yanahitaji leseni, kwa sababu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa tena 2022.

La mwisho ni zito zaidi. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa kundi la dini lililohubiri kufunga hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na mafundisho ya kundi lile yalikuwa yamesambaa kwa televisheni na YouTube. Anayesikiliza peke yake chumbani hana mzee wa kanisa pembeni wa kumwuliza kama hilo ni kweli. Kwa hiyo kila somo lisikilizwe na mtu wa pili kabla halijatoka, na asiwepo mhubiri wa kumwambia mgonjwa aache ARV au sindano ya kisukari. Ushuhuda wa uponyaji uhakikiwe na wazee kabla ya kuwekwa.

Baraza la wazee litakapokaa kupima kazi hii, lisiulize video imetazamwa mara ngapi. Liulize ni wangapi waliandika, wangapi walijibiwa, wangapi wametembelewa au kukabidhiwa kwa kanisa la jirani. Wiki hii, wapendwa, chagueni watu wa zamu na sajilini laini ya kanisa. Kisha, kabla hamjaweka jambo jipya lolote, fungueni kurasa mlizo nazo, someni maombi yote yaliyobaki bila jibu, na mjibu moja baada ya jingine.