Mafuta Yapatanayo na Maji: Somo la Lesithini ya Kutengenezwa

Somo letu la leo laanzia jikoni, na twataka kila mmoja ajaribu mwenyewe kabla ya kuendelea kusoma. Chukua chupa ndogo safi, tia maji vijiko vitatu na mafuta ya kula kijiko kimoja, funga kizibo, kisha tikisa kwa nguvu. Iweke mezani. Baada ya dakika chache mafuta yatapanda juu na maji yatabaki chini, kama majirani waliogombana. Sasa tia kiini cha yai, nusu kijiko tu, utikise tena. Safari hii utapata kitu kizito cha rangi ya maziwa, nacho kitakaa muda mrefu bila kutengana.

Ni nani aliyewapatanisha? Ndani ya kiini cha yai mna protini, na mna aina ya mafuta iitwayo lesithini. Mfaransa Théodore Gobley ndiye aliyeipata katika yai karne ya 19, akaipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kiini cha yai. Lesithini ni mmoja wa ukoo mkubwa uitwao fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosfeti.

Pengine utasema, "Haya ni mambo ya wapishi." La, sivyo. Mtoto akizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake, awe hapa Bweyeye ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, au awe katika mji mkubwa wa Ulaya, huenda akapona au akafa kwa sababu ya mafuta ya ukoo huu huu. Basi na tuyatazame vizuri.

1. Kichwa na mikia miwili

Molekuli moja ya lesithini ina kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa kimefanywa kwa fosfeti na kolini, nacho chapenda maji. Mikia ni minyororo mirefu ya kaboni, yaani asidi za mafuta, nayo huchukia maji. Kichwa na mikia huungwa pamoja na gliseroli.

Je, kitu chenye tabia mbili namna hiyo kitafanyaje kikitiwa majini? Molekuli hujipanga zenyewe safu mbili: vichwa nje vikigusa maji, mikia ndani ikifichana. Hivyo hupatikana ukuta mwembamba mno. Mwaka 1925 Evert Gorter na F. Grendel, huko Leiden katika Uholanzi, walitoa mafuta yote ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji. Wakaona kwamba yafunika eneo lililo kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kila chembe imezungukwa na ukuta wa safu mbili za mafuta. Ukuta huo u katika mwili wako, katika mwili wa ng'ombe, na katika kila jani la Nyungwe.

2. Kwa nini kutengeneza kilichomo ndani ya yai?

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa lesithini imo ndani ya yai, na mayai hayakosekani sokoni, kwa nini watu wa maabara wajisumbue kuitengeneza?

Jibu ni hili. Lesithini ya yai ni mchanganyiko. Molekuli moja ina mikia mirefu, nyingine mifupi, nyingine ina mkia uliopinda. Tena mchanganyiko wenyewe hubadilika kwa chakula alichokula kuku. Ukifanya jaribio leo, ukalirudia mwezi ujao kwa mayai mengine, na majibu yakatofautiana, hutajua kilicholeta tofauti. Mwenye kutafuta ukweli hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na mengine yote huyaacha yalivyo. Kwa mchanganyiko usiojulikana hawezi kufanya hivyo.

Mwaka 1950 Erich Baer na Morris Kates, huko Toronto katika Kanada, walitangaza njia ya kutengeneza lesithini safi zenye mikia waliyoichagua wenyewe. Mojawapo ina mikia miwili ya asidi palmitiki, kila mkia kaboni 16. Jina lake kamili ni refu, dipalmitoilifosfatidilikolini, kwa hiyo wataalamu huiita DPPC. Asidi palmitiki si ngeni kwetu: jina lake latokana na mti wa mchikichi, nayo imo kwa wingi katika mawese yanayotoka Rumonge, pwani ya Ziwa Tanganyika.

DPPC ina ndugu wawili ambao inafaa tuwajue. Wa kwanza ni DSPC, mwenye mikia ya kaboni 18 iliyonyooka. Wa pili ni DOPC, mwenye kaboni 18 vilevile, lakini kila mkia umepinda mahali pamoja. Tazama sasa jinsi tofauti ndogo ileteavyo jambo kubwa. Ukuta wa DPPC hulegea na kuwa laini kwenye digrii 41 za Sentigredi. Ukuta wa DSPC, kwa kuongezewa kaboni mbili tu katika kila mkia, hulegea kwenye digrii 55. Lakini ukuta wa DOPC hulegea kwenye digrii 17 chini ya sifuri, kwa sababu mikia iliyopinda haiwezi kubanana, kama vile kuni zilizopinda zisivyofungika vizuri katika mzigo.

3. Kazi za maabarani

Kazi ya kwanza ni kutengeneza vipovu. Mwaka 1965 Mwingereza Alec Bangham na wenzake waliandika kwamba lesithini ikitiwa majini hufanya vipovu vyenye kufunga maji ndani yake. Vipovu hivyo huitwa liposomu. Namna ya kuvitengeneza kwa DPPC ni hii: huyeyushwa katika klorofomu, klorofomu hukaushwa mpaka ubaki utando mwembamba chupani, kisha hutiwa maji yenye joto lipitalo digrii 41, na chupa hutikiswa. Baadaye vipovu husukumwa katika chujio lenye matundu ya upana wa sehemu 1 ya 10,000 ya milimita, ili vyote viwe vya ukubwa mmoja. Liposomu ni mfano wa chembe hai, lakini mfano usio na mambo mengi. Mtafiti aweza kutia ndani yake rangi, sukari au dawa, akapima ni kiasi gani kinachovuja na kwa muda gani.

Kazi ya pili ni kutumia joto kama ufunguo. Kwa kuwa DPPC huvuja sana ikaribiapo digrii 41, na mwili wa mtu mzima wa afya una digrii 37 hivi, Milton Yatvin na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 1978 kwamba dawa yaweza kufungwa katika vipovu vya DPPC iliyochanganywa na DSPC, ikatoka pale tu panapotiwa joto kidogo. Tangu hapo watafiti wengi wamefuata njia hiyo wakitafuta kupeleka dawa kali kwenye uvimbe wa saratani bila kuusumbua mwili mzima.

Kazi ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi. DPPC hutandazwa juu ya maji katika chombo kipana, kisha hubanwa polepole kwa ubao. Ikibanwa hivyo, mkazo wa uso wa maji hushuka karibu na sifuri. Jaribio hilo laeleza jinsi tunavyopumua. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa vilivyo na unyevu ndani. Maji peke yake yangevuta kuta za vifuko hivyo zikagandamana kila tutoapo pumzi. Hazigandamani, kwa kuwa mapafu hujipaka mafuta yake yenyewe, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni DPPC.

4. Mtoto aliyezaliwa mapema

Mapafu ya mtoto huanza kutoa mafuta hayo ya kutosha katika majuma ya mwisho ya mimba. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Boston, walionyesha kwamba mapafu ya watoto wachanga waliokufa kwa kushindwa kupumua yalipungukiwa na mafuta hayo. Ugonjwa huo haukuchagua tajiri wala maskini. Mwezi wa Agosti 1963 ulimchukua Patrick, mwana wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, ambaye hakutimiza siku mbili duniani.

Madaktari wakafikiri hivi: ikiwa kilichokosekana ni DPPC, nasi twaweza kuitengeneza, basi tumpulizie mtoto DPPC tupu. Wakajaribu katika miaka ya 1960, wala hawakupata faida waliyoitumaini. Msomaji, je, waweza kueleza sababu? Kumbuka ile digrii 41. Katika joto la mwili DPPC tupu bado ni ngumu, nayo hutandaa polepole mno kwa mtoto anayepumua mara nyingi kwa dakika moja. Mapafu ya kweli huilainisha kwa mafuta mengine, na yana protini za kuisaidia kutandaa haraka. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake huko Japani walichukua mafuta ya mapafu ya ng'ombe, wakayaongeza fosfolipidi za kutengenezwa, wakawatibu watoto 10 waliozaliwa mapema. Matokeo yalikuwa mema, na dawa za namna hiyo zikaenea.

Twajifunza nini? Kitu safi cha maabarani kilionyesha wazi kazi ya DPPC, na kwa kushindwa kwake kikaonyesha pia kwamba DPPC haifanyi kazi peke yake. Jaribio lililoshindwa si hasara, mradi mtu aulize sababu.

5. Kutoka chupa ya maabara hadi kituo cha afya

Msidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Mwezi wa Machi 2021 Rwanda ilipokea dozi 102,960 za chanjo ya Pfizer na BioNTech ya kukinga Korona. Katika kila dozi ya mtu mzima mlikuwa na DSPC kiasi cha miligramu 0.09. Kazi yake ilikuwa kusaidia kuimarisha vipovu vilivyobeba ujumbe wa RNA, ambao ukiachwa wazi huharibika upesi. Mafuta mengine matatu yalishirikiana nayo. Mwezi wa Juni 2022 BioNTech ilianza kujenga kiwanda cha chanjo za RNA mjini Kigali, na sherehe ya kukizindua ilifanywa Desemba 2023. Yule ndugu mwingine, DOPC, yumo katika vipovu vya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019.

Lakini tusijidanganye. Dawa ya mapafu ya mtoto yataka baridi, mpira mwembamba wa kuifikisha kwenye mapafu, na mikono iliyofundishwa; si kitu cha kuwekwa tu rafuni. Ipo njia nyingine. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie, huko New Zealand, walionyesha kwamba mama anayekaribia kuzaa mapema akidungwa dawa fulani, mapafu ya mtoto aliye tumboni hukomaa upesi. Kwa hiyo mtoto hujitengenezea DPPC yake mwenyewe. Dawa hiyo yahitaji muda kabla ya kuzaliwa. Kwa ajili hiyo, mama akishikwa na uchungu kabla ya siku zake, asikae nyumbani kungoja utulie. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, ili wamwahishe hospitali. Nanyi mnaosoma somo hili, mwambieni kila mtu nyumbani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini lesithini ya yai haimfai mtafiti anayetaka kupima athari ya urefu wa mikia?
2. Ukuta upi utakuwa laini katika joto la mwili: wa DPPC, wa DSPC, au wa DOPC? Eleza sababu.
3. Rudia jaribio la chupa ukitumia ute mweupe wa yai badala ya kiini. Andika ulichokiona, wala usiandike ulichotazamia kukiona.