Mota ya Mashine ya Kusaga: Kuichagua na Kuifunga

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika vijiji vingi vya Musoma, Bunda na Butiama. Wenye mashine za kusaga wengi wanaachana na injini za dizeli, wananunua mota. Pesa yenyewe si ndogo. Ni ya kuuza ng'ombe, au ni akiba ya kikundi kizima. Mota ikiungua mwezi wa kwanza, pesa imekwenda, na akina mama wanarudi kujitwika udaga mpaka kijiji cha jirani.

Mota ziko za namna mbili. Ipo yenye kaboni, kama ile ya drili ya seremala. Kaboni ni vipande vyeusi vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kupeleka umeme ndani. Vinalika kidogo kidogo, tena vinatoa cheche. Mota ya kusagia ya fezi tatu haina kaboni. Umeme unapita kwenye nyaya zilizotulia pembeni, nazo zinakivuta chuma cha katikati kama sumaku, kinazunguka bila kuguswa. Kinachochakaa hasa ni beringi. Kukosa cheche ni jambo kubwa, maana vumbi la unga likijaa hewani linaweza kulipuka.

Sasa, kabla hujaenda dukani, uliza TANESCO kama umeme unaofika kwako ni wa fezi tatu. Kama ni wa fezi moja, mota kubwa ya fezi tatu uliyoinunua itakaa tu kama jiwe. Halafu soma kibao cha chuma kilicho ubavuni mwa mota. Wewe unajua kusoma, usimwachie muuzaji. HP ni nguvu za farasi. HP 1 ni wati 746, kwa hiyo HP 20 ni karibu kilowati 15. Nguvu hiyo ilingane na ile anayotaka mtengenezaji wa kinu. Mota ndogo kwenye kinu kikubwa huungua. Rangi mpya isikudanganye: huenda ndani ni kuukuu.

Soma pia mwendo. Mota nyingi huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Tuseme puli ya mota ni inchi 10, ya kinu inchi 5. Zidisha 1,440 kwa 10, gawanya kwa 5. Kinu kitazunguka mara 2,880. Ukiweka kwenye kinu puli ya inchi 4, kitafika 3,600. Kama kinu kimeandikwa kisizidi 3,000, nyundo zake zinaweza kukatika na kuruka. Haraka ya namna hiyo imezidi.

Kufunga ni kazi ya zege na bolti, si mbao. Mota ikae juu ya reli, ili uweze kuisogeza mkanda ukilegea. Vuta uzi kutoka puli moja hadi nyingine. Uzi uguse kingo zote mbili za kila puli. Ukiacha nafasi upande mmoja, puli zimepishana na mikanda italika upesi. Ikichakaa, badilisha yote pamoja, kwa sababu mpya na mzee hawavuti sawa. Zungushia mikanda wavu wa chuma. Kanga ikinaswa, mtu anakwenda nayo.

Kuunganisha waya ni kazi ya fundi wa umeme, pamoja na waya wa ardhini. Kabla ya kuvika mkanda, awashe mara moja tu mtazame mota inazungukia wapi. Ikizunguka kinyume, atabadilishana waya mbili kati ya zile tatu, basi.

Fezi moja ikikatika mota ikiwa kazini, itanguruma, itapata moto na kuungua. Ndiyo sababu kuna kikatio. Kuna watu wakiona kinazima kila mara, wanakibana kwa kijiti. Huko ni kuchoma ng'ombe wako mwenyewe. Kikizima, zima swichi kuu, mwite fundi.

MASWALI
1. Kwa nini uzi uguse kingo zote mbili za kila puli?
2. Mota inazunguka mara 1,440, puli yake ni inchi 8. Kinu kisizidi mara 2,500. Kati ya puli ya inchi 4 na ya inchi 5, utafunga ipi kwenye kinu?