Kabla ya kitenzi, kazi: kufasiri maelekezo ya rejeta za nyumbani

Makala haya yamekusudiwa hasa wanafunzi wa tafsiri. Yanachukua maelekezo ya kiufundi yasiyohusu maisha ya Kalengera wala ya Goma, ili kuonyesha kwamba mfasiri hawezi kuchagua kitenzi kabla ya kuelewa kazi yenyewe. Ni maelekezo ya aina anayoweza kupewa mpangaji nchini Ubelgiji, kuhusu rejeta zinazopasha nyumba joto wakati wa baridi. Wakongomani wengi wanaishi huko, na miongoni mwao wamo watu wa Kivu wanaoelewa Kiswahili vizuri kuliko Kifaransa. Tutazame sentensi mbili tu: « Purgez le radiateur » na « Équilibrez les radiateurs ».

1. Kitu kinachozungumziwa

Neno ‘rejeta’ tunalijua kutokana na magari. Katika gari, maji huchukua joto la injini na rejeta hulitupa nje. Nyumbani kazi ni ileile, ila hapa joto ndilo linalotafutwa. Boila hupasha maji moto, pampu huyasukuma katika mabomba, nayo hupita ndani ya kila rejeta, huacha joto chumbani, kisha hurudi kwenye boila yakiwa yamepoa kiasi.

Kwa kawaida rejeta huwa na robine mbili. Ya kwanza ina namba, nayo hujifungua na kujifunga kufuatana na joto la chumba. Ya pili iko upande wa maji yanayorudi. Mara nyingi hufichwa chini ya kifuniko, na fundi huirekebisha kisha huiacha. Juu, pembeni, kuna skurubu ndogo ya kutolea hewa. Bila picha hii kichwani, sentensi zetu mbili hazifasiriki.

2. ‘Purger’

Kwetu neno hili hukumbusha dawa ya kusafisha tumbo, hivyo mwanafunzi huvutwa kuandika ‘Safisha rejeta’. Msomaji atachukua kitambaa na kufuta vumbi. Rejeta itabaki baridi. Mwingine ataandika ‘Mwaga maji ya rejeta’. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa msomaji mtiifu atalowesha sakafu na kuacha mabomba bila maji.

Kinachotakiwa kutoka ni hewa. Hewa ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hukusanyika juu ya rejeta na kuzuia maji ya moto kufika hapo. Dalili yake ni rejeta kuwa moto chini na baridi juu. Tafsiri inayofaa basi ni: ‘Toa hewa iliyonaswa ndani ya rejeta.’

Kifaransa kimefunga hatua kadhaa ndani ya kitenzi kimoja. Kiswahili kinaweza kuzifungua. Zima boila na usubiri maji yapoe. Weka kikombe na kitambaa chini ya skurubu. Izungushe kwa ufunguo wake, taratibu, mpaka usikie hewa ikitoka. Maji yakianza kutoka mfululizo, funga. Kisha soma kipimo cha shinikizo, maana hewa ikitoka shinikizo hushuka. Katika nyumba nyingi huwa kati ya bari 1 na 1.5 maji yakiwa baridi.

Mfasiri azijue pia dalili zinazofanana na hii. Rejeta iliyo moto juu na baridi chini tatizo lake si hewa; huenda ina tope la kutu, nalo huhitaji fundi. Ikiwa moja ni baridi yote huku nyingine ni moto, huenda kijiti cha ndani cha robine yenye namba kimekwama.

3. ‘Équilibrer’

Wengi wataandika ‘Sawazisha rejeta’. Mwashi akisoma hivyo ataleta pimamaji aone kama rejeta imelala sawa ukutani. Asiye mwashi ataweka robine zote kwenye namba 3, akidhani huko ndiko kusawazisha.

Maji hufuata njia nyepesi. Rejeta iliyo karibu na pampu hupata mengi, ya mbali hupata masalio. Tunalijua jambo hili: robine ya umma iliyo karibu na tanki hutoa maji kwa nguvu, ile ya mwisho wa bomba hudondosha. Zote zikifunguliwa sawasawa, ya mwisho haipati nafuu. Ni lazima ya kwanza ibanwe kidogo ndipo ya mwisho ipate.

Kwa hiyo robine hazilingani, ila mgao ndio unaolingana. Napendekeza: ‘Rekebisha mgao wa maji ili kila rejeta ipate sehemu yake.’ Hatua zake: fungua robine zote, washa boila, angalia rejeta zipi hupata moto kwanza, hizo bana robine zake za maji yanayorudi kidogo kidogo, ile ya mbali kabisa ukiiacha wazi. Baada ya kila badiliko subiri joto litulie. Katika jengo ambalo boila moja huhudumia familia nyingi, mpangaji asiiguse robine hiyo: akijiongezea, anampunguzia jirani. Hapo tafsiri iseme wazi ‘Mjulishe msimamizi wa jengo’.

4. Gharama ya kitenzi kibaya

Mtu aliyekulia Goma, rejeta ikimshinda usiku wa baridi, anaweza kukumbuka mbabula. Katika nyumba zetu za mbao hewa hupenya kati ya ubao na ubao. Chumba cha Ulaya chenye madirisha ya vioo viwili kimezibwa ili joto lisitoroke, na makaa yakiwaka humo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyoonekana wala kunuka, inayoua watu usingizini. Sisi tunaoijua mazuku hatuhitaji kuelezwa kwamba hewa isiyoonekana huua, ingawa gesi ya mazuku ni nyingine. Onyo hilo huenda halimo katika matini asilia, kwa kuwa mwandishi wake hakumfikiria msomaji wa Kivu. Mfasiri anayemjua msomaji wake apendekeze kwa mteja liongezwe.

Zoezi

Fasiri kwa Kiswahili: « Si le bas du radiateur reste froid, inutile de purger. » Kisha mpe mwenzako asiyejua Kifaransa asome tafsiri yako, naye akueleze kwa maneno yake atakachofanya na atakachoacha.