Kurekebisha Miwani Iliyopinda

Fremu ya miwani ikivunjika Berega, wilayani Kilosa, safari ya kwenda Morogoro kutafuta nyingine ni ndefu. Kwa hiyo miwani ya plastiki isipindwe ikiwa baridi. Plastiki hulainika kwa joto: mkono wa miwani uchovywe nusu dakika katika maji ya moto yasiyochemka, lenzi zikibaki nje. Upande wa kulia ukikaa juu mno, mkono wa kulia upindwe kidogo kuelekea juu. Kwa kuwa sikio ndilo egemeo, lenzi itashuka. Miwani ikiteleza puani, ncha za nyuma ya masikio zipindwe chini. Marekebisho haya si urembo: lenzi ya mtu asiyeona mbali ikisogea mbele ya jicho, nguvu yake hupungua, naye huona ukungu.