Nyari ya Marafa: Jiko Lisilo na Moto

Wageni wengi wanaofika Marafa kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: maji ya moto yako wapi? Wamesikia jina Hell's Kitchen, yaani Jiko la Jehanamu, wakakumbuka Hell's Gate ya Naivasha au chemchemi zinazotokota kando ya Ziwa Bogoria, wakadhani Marafa nako kuna mvuke unaofuka ardhini. Wakifika ukingoni hawaoni mvuke wala chemchemi. Wanaona korongo kubwa la mchanga, lenye minara na kuta nyeupe, za waridi, za rangi ya machungwa na nyekundu.

Swali lao si la kuchekwa, kwa sababu jibu lake ndilo somo lenyewe. Marafa hakuna moto chini ya ardhi. Korongo limechongwa na maji ya mvua, na bado linachongwa. Anayelielewa hilo atajua wakati unaofaa kuzuru, mahali salama pa kukanyaga, na kwa nini mashamba yaliyo karibu na ukingo yanahitaji kulindwa kabla ya mvua zijazo.

Mahali na jina

Marafa iko katika Kaunti Ndogo ya Magarini, Kaunti ya Kilifi. Kutoka mjini Malindi ni kati ya kilomita 30 na 40, kulingana na njia atakayofuata msafiri. Anavuka daraja la Mto Sabaki, kisha anaiacha pwani na kuingia bara. Matatu hufika Marafa, na korongo haliko mbali na kijiji.

Wagiriama wanapaita mahali hapa Nyari, jina linaloelezwa kuwa na maana ya mahali palipovunjika penyewe. Jina la Kiingereza lilitokana na joto la mchana na wekundu wa kuta, unaofanana na makaa wakati wa machweo. Kati ya majina hayo mawili, la Kigiriama ndilo linalosema kweli zaidi kuhusu ardhi. Hapa hapakuungua. Hapa pamevunjika, na pangali panavunjika.

Moto wa chini na jua la juu

Ili chemchemi ya maji moto iwepo, mambo matatu hukutana. Kwanza, lazima kuwe na chanzo cha joto ardhini, mara nyingi miamba iliyoyeyuka au ambayo bado haijapoa. Pili, lazima maji ya mvua yapate nyufa za kuzama hadi yalifikie joto hilo. Tatu, lazima yapate njia ya kupanda tena juu kabla hayajapoa.

Mambo hayo yanapatikana katika Bonde la Ufa. Ndiyo sababu maji hutokota na kuruka juu kando ya Ziwa Bogoria katika Kaunti ya Baringo, na ndiyo sababu mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981.

Marafa iko mbali na Bonde la Ufa, na ardhi yake ni ya aina nyingine. Ukanda huu umefunikwa na mchanga na changarawe zilizoletwa na mito na upepo, tabaka juu ya tabaka, mamilioni ya miaka iliyopita. Wanajiolojia wamelitumia hata jina la eneo hili katika taaluma yao: mchanga mwekundu unaoonekana sehemu nyingi za pwani ya Kenya wanauita mchanga wa Magarini.

Basi joto la Jiko la Jehanamu latoka wapi? Latoka juani. Sakafu ya korongo iko chini, hivyo upepo wa bahari hupita juu bila kuwafikia walio ndani. Kuta nyeupe huurudisha mwanga kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mchanga hushika joto kama chungu kilichotolewa motoni. Mtu aliyeona hali ya hewa ni nzuri akiwa ukingoni anaweza kuishiwa nguvu baada ya kushuka saa sita za mchana. Hata hivyo, jua likishuka, joto nalo hupungua haraka, jambo ambalo lisingetokea kama chanzo chake kingekuwa chini ya ardhi.

Jinsi korongo lilivyochongwa

Zamani, mahali penye korongo leo palikuwa na mwinuko wa mawe ya mchanga. Mawe haya si magumu kama granaiti. Chembe zake zimeshikana kidogo tu, na kipande kingine hupondeka mkononi. Mvua kubwa inapopiga mahali pasipo na majani, kazi huenda kwa hatua.

Kwanza, matone huzing'oa chembe za mchanga. Pili, maji hukusanyika na kufuata njia moja, labda njia ya mifugo au ya watu, na kuifanya mfereji. Tatu, mfereji unapofika mahali penye mteremko mkali, maji huanguka kwa nguvu na kula sehemu ya chini ya ukuta. Nne, sehemu ya juu hubaki ikining'inia bila kitu cha kuishikilia, na siku moja huporomoka. Hatua hizo hurudiwa kila msimu. Kwa hiyo korongo haliongezeki kina peke yake. Mdomo wake pia husogea kurudi nyuma, kuelekea kule maji yanakotoka.

Minara mirefu inayopigwa picha sana nayo ina sababu yake. Pale ambapo tabaka gumu kidogo au changarawe zimeufunika mchanga, zimekuwa kama kofia. Mchanga ulio pembeni umekwenda na maji, na ule ulio chini ya kofia umebaki umesimama. Kofia ikianguka, mnara huanza kupungua.

Rangi nazo ni kazi ya chuma na maji. Penye chuma kingi kilichoshika kutu, ukuta ni mwekundu au wa rangi ya machungwa. Pale ambapo chuma kimeoshwa au kilikuwa haba tangu mwanzo, ukuta ni mweupe. Waridi iko katikati.

Jaribio la shuleni

Mwalimu au mzazi anaweza kuonyesha kazi hii kwa dakika chache. Rundikeni mchanga wenye unyevu, mwinuke kiasi cha shubiri moja, na mushindilie kidogo. Wekeni juu yake sarafu tatu au nne na vijiwe bapa, kisha nyunyizeni maji kutoka kwenye kopo lililotobolewa matundu madogo. Baada ya muda, mchanga usiofunikwa utashuka, na chini ya kila sarafu kutabaki kinguzo kidogo. Hiyo ni minara ya Marafa kwa udogo.

Rundikeni lundo la pili, na mara hii lifunikeni kwa nyasi kavu kabla ya kunyunyiza. Linganisheni maji yanayotoka chini ya kila lundo. La kwanza litatoa maji yenye mchanga mwingi, na la pili maji yaliyo safi zaidi. Watoto wakishaona tofauti hiyo kwa macho yao, somo la kuhifadhi udongo halihitaji maneno mengi.

Simulizi la wazee

Wazee wa Marafa wana maelezo yao kuhusu asili ya Nyari. Inasimuliwa kwamba hapo palikuwa na jamaa tajiri sana wa ng'ombe. Maziwa yalikuwa mengi hata wakawa wanayaoga, ilhali majirani wana shida. Mungu akachukizwa na ufujaji huo, ardhi ikadidimia pamoja na boma lao. Weupe wa kuta ni maziwa yao, na wekundu ni damu. Wengine husimulia kwamba watu wa kijiji walionywa wahame kabla ya maajabu kutokea, wakahama wote isipokuwa bibi mmoja kizee.

Masimulizi haya hayana haja ya kupingwa na jiolojia. Yamehifadhi mambo mawili ya kweli: kwamba ardhi hapa inaweza kuporomoka, na kwamba mali inayotumiwa bila kujali huondoka. Familia ya kwenye kisa ilipoteza maziwa. Familia ya leo iliyo karibu na ukingo inaweza kupoteza udongo, ambao ndio unaozaa majani, na majani ndiyo maziwa.

Kuzuru kwa usalama

Saa nzuri za kushuka korongoni ni asubuhi mapema au baada ya saa tisa alasiri. Wanaokuja kutazama rangi hupendelea machweo, lakini inafaa wawe wamekwisha kupanda juu kabla ya giza. Kila mtu achukue maji ya kunywa, kofia, na viatu vinavyoshika vizuri. Ndara huteleza kwenye mchanga. Wazee, watoto wadogo na wenye shida ya moyo au pumzi wanaweza kufurahia mandhari kutoka juu bila kushuka.

Mgeni atembee na mwelekezi wa hapo. Waelekezi ni wenyeji wanaojua kipi ni kijia na kipi ni ukingo uliokwisha kuliwa chini. Ukingo wa namna hiyo hauonekani kwa anayesimama juu yake. Kwa sababu hiyo, hakuna picha inayostahili kupigwa kwenye ncha ya genge.

Wakati wa mvua za masika na za vuli, tahadhari iongezwe. Mvua ikinyesha au mawingu mazito yakionekana upande maji yanakotoka, kushuka kuahirishwe, na walio chini wapande mara moja. Si lazima mvua inyeshe pale watu walipo. Katika korongo la Hell's Gate, ambako kweli kuna chemchemi za maji moto, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa ziarani mwezi Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Korongo ni mfereji, hata likiwa kavu kwa miezi.

Vilevile, kupanda kwenye minara na kuchora majina ukutani kuachwe. Jina lililochorwa hutoa tundu la kuingilia maji, na mvua ya kwanza humalizia kazi.

Ukingo unaosogea

Kwa mgeni, Nyari ni matembezi ya nusu siku. Kwa mkazi, ni jirani ambaye kila mwaka huomba hatua moja ya shamba. Mmomonyoko wa asili hauwezi kusimamishwa kabisa, na uzuri wa Marafa umetokana nao. Lakini kasi yake inategemea sana yanayofanyika juu ya ukingo.

Miti inapokatwa kwa makaa, mifugo inapopitishwa njia moja kila siku, na shamba linapolimwa kufuata mteremko, maji hupata barabara. Yapo mambo ambayo kila boma linaweza kufanya:

Kulima kwa kukingama na mteremko, na kuchimba makinga maji ya fanya juu.

Kuacha ukanda wa nyasi na vichaka bila kulimwa kando ya ukingo na kando ya kila mfereji.

Kupanda miti inayostahimili ukame na yenye faida, kama mkorosho, mwembe na mwarobaini, mbali kidogo na ukingo.

Kuziba mifereji midogo mapema kwa mawe, matawi na magunia ya mchanga. Mfereji unaoweza kurukwa na mtoto huzibwa kwa siku moja. Ukiachwa ukafika kimo cha mtu, huwa kazi ya mitambo.

Kubadilisha njia za mifugo ili zisiwe mitaro.

Udongo unaoondoka haupotei, bali huenda kuwa shida ya mwingine. Mfano mkubwa uko kwenye Mto Sabaki. Wakati wa mvua, mto huo huleta baharini matope yanayogeuza maji ya ghuba ya Malindi kuwa ya kahawia. Mchanga wake umeujaza ufuo, na matope hayo ni tishio kwa matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Mvuvi wa Malindi na mkulima wa bara wanagawana udongo uleule, mmoja akiupoteza na mwingine akiupata asikoutaka.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la utalii wa ndani ya kaunti pamoja na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Marafa ni mahali ambapo majukumu hayo mawili ni kitu kimoja. Wakazi wanaohudhuria vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti wana nafasi ya kuuliza maswali yote mawili kwa pamoja: ni nini kitafanywa kuwavutia wageni, na ni nini kitafanywa kuulinda ukingo wanaokuja kusimama juu yake.

Maswali ya kujadili nyumbani na shuleni

1. Kwa nini Ziwa Bogoria lina chemchemi za maji moto na Marafa haina?

2. Katika eneo lenu, maji ya mvua hupita njia gani, na ni nani au nini kilichoanzisha njia hiyo?

3. Simulizi la maziwa linafundisha nini kuhusu udongo?

4. Ni mfereji gani karibu na boma au shule yenu unaoweza kuzibwa kabla ya mvua zijazo?

Swali la nne lijibiwe kwa jembe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Marafa hakuna atakayeweza kuujengea ukuta.