Kompyuta ya Kadi Moja: Namna ya Kuipachika na Kuiandaa

Litajwapo jina la Matongo, wilayani Tarime, wengi hukumbuka dhahabu, kwani mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji wake mwaka 2002. Pengine mwanafunzi hajui kwamba dhahabu hurudi viwandani, ikiwa kidogo mno, ndani ya kompyuta zinazoongoza mitambo.

Kompyuta nyingi za viwandani hazifanani na zile za ofisini. Ndani yake mna ubao wa nyuma usiofanya hesabu yoyote: ni safu ya matundu marefu yaliyounganishwa kwa njia sambamba za umeme na za habari. Prosesa na kumbukumbu vimo katika kadi moja inayochomekwa humo. Chama cha watengenezaji kiitwacho PICMG, kilichoanzishwa mwaka 1994, kilisanifisha kadi za namna hii, hata fundi akaweza kutoa kadi mbovu na kutia nzima kwa muda mfupi, badala ya vinu vya kusagia mawe kusimama kutwa nzima.

Kabla ya kugusa kitu, umeme ukatwe kabisa na fundi ajiunganishe na ardhi kwa utepe wa mkononi, maana umeme tuli wa mwili huua vijenzi bila kuonekana. Kisha atafute tundu la kadi kuu. Si kila tundu huipokea. Kadi isukumwe sawasawa pande zote mbili, halafu ikazwe kwa skrubu.

Hapo ndipo dhahabu inapohusika. Ukingo wa kadi una vidole vya shaba vilivyopakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Tuchukue mfano: kadi inavuta mkondo wa ampea 8 kwenye volti 5. Vumbi likileta ukinzani wa omu 0.05 tu katika miguso, kwa kanuni ya Ohm volti 0.4 zitapotea hapo, na kadi itapata 4.6. Ikiwa kadi huvumilia upungufu wa asilimia 5, yaani volti 4.75, itazimika ovyo, na fundi atalaumu programu bure! Wapo wanaosugua vidole hivyo kwa msasa. Hilo ni kosa kubwa: tabaka la dhahabu kwa kawaida halifikii hata elfu moja ya milimita. Kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti safi vyatosha.

Mashine ikiwashwa, zirekebishwe saa na tarehe, na itajwe diski ya kuanzia. Iamriwe pia kujiwasha yenyewe umeme unaporudi, jambo la lazima mahali penye kukatika umeme. Saa ya ulinzi, ambayo huanzisha kompyuta upya programu inapoganda, iwashwe mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba programu huipa ishara kwa wakati. La sivyo mashine itajizima na kujiwasha bila kikomo.